Nafula Yuko Chini ya Maji

Vijana wangu, sasa ni saa tatu na dakika kumi asubuhi, na binti yangu Nafula yuko chini ya maji ya chumvi. Mimi niko hapa nyumbani Bulumbi, nimekaa kwenye meza ya kulia chakula, simu iko mkono wa kulia na daftari mkono wa kushoto. Kutoka hapa hadi alipo ni mchana na usiku mzima wa basi. Likimpata jambo lolote, nitalisikia likiwa limeshakwisha. Kwa hiyo naandika, maana nisipoandika nitaanza kutembea humu ndani, na mke wangu ameshanikataza kutembea.

Mhadhiri mmoja wa chuo cha Busitema aliniomba zamani niwaandikie ninyi vijana wa Busia na Tororo habari za kazi niliyostaafu. Nilimzungusha kila aliponiuliza. Mara macho yananisumbua, mara ni msimu wa kupalilia, mara nitaanza baada ya Pasaka. Ukweli ni kwamba nilikuwa na sababu nyingine, na nitaifikia humu humu kabla sijachoka.

Kwa wasionijua, naitwa Wandera. Nilizaliwa karibu na ziwa, kule Majanji, lakini kazi niliifanya pwani ya Kenya, kusini mwa Mombasa. Nilikuwa mzamiaji. Nilikuwa nawavika wageni mitungi ya hewa mgongoni, nawashusha hadi kwenye matumbawe, nawaonyesha kasa, samaki aina ya taa, mikunga, pweza na samaki wa kila rangi, halafu nawapandisha wote juu wakiwa wazima. Mkinitembelea huwa mnaniuliza habari za kasa tu. Hamjawahi kuniuliza habari za kuwapandisha watu.

Leo ni mara ya kwanza Nafula anaongoza wageni peke yake, kule kule pwani. Wageni ni wanne. Jana alinieleza mpango wote kwenye simu: wanaingia majini saa tatu kamili, wanakaa chini dakika hamsini, saa nne wako botini, boti inarudi ufukweni, wanavua vifaa, na saa tano kasorobo ananipigia. "Baba, usipige wewe," alisema. "Mimi ndiye nitakayepiga." Ananijua.

Ni kweli, mimi ni mwoga. Athieno, mke wangu, mtu wa Tororo asiyeogopa hata nyoka, anasema nilizaliwa nikiwa nimeshaogopa. Mlango nautingisha mara tatu kabla ya kulala. Gesi ya jikoni naifunga, nairudia, halafu nalala nikijiuliza kama niliifunga. Tukienda harusini nahesabu watu wakiingia kwenye gari na kuwahesabu tena wakishuka, hata kama siwajui. Kazini tabia hiyo ilikuwa sifa. Nyumbani ni ugonjwa.

Athieno amepita sasa hivi na ungo wa wimbi. Amenitazama, akatikisa kichwa. "Wewe mzee, hiyo simu utaimaliza na macho. Kuku iko na njaa, wewe nakaa tu." Nimemwambia kuku watangoja. Ameenda kuwalisha mwenyewe, lakini nimeona naye amegeuza shingo kuangalia saa ya ukutani.

Wacha niwaambie nilivyoanza, ili muda uende. Kule Majanji nyavu hunasa kwenye visiki chini ya ziwa, na mtu lazima azame kuzifungua. Kazi hiyo niliifanya tangu nikiwa kijana, na nilikuwa na sifa. Nilikuwa navuta pumzi moja kubwa, nabana, nazama, nafungua fundo moja moja kwa vidole, na walioko kwenye mtumbwi wanaanza kubishana kama nimekufa. Nikitoka najifanya sijachoka. Kwa hiyo nilipofika pwani, nikiwa utingo wa lori la mahindi, na kusikia kuna kampuni inatafuta mtu wa kuosha vifaa vya kuzamia, nilijiona nimeshafuzu hata kabla ya kuulizwa jina.

Mkuu wa wazamiaji pale aliitwa Mzee Kombo. Alikuwa mfupi, mkavu, sauti yake kubwa kuliko yeye. Baada ya kuniacha nioshe vifaa msimu mzima, aliamua kunifundisha. Siku ya kwanza baharini alinishusha mita sita tu. Kila kitu kilikwenda sawa hadi tulipoanza kupanda. Mwili wangu ukakumbuka Majanji. Nikafunga mdomo, nikabana pumzi, nikaenda juu. Niliposhika ukingo wa boti kifua kilikuwa kinauma utafikiri ng'ombe amenikanyaga, na nilipotema mate yalikuwa na damu.

Mzee Kombo hakunipa pole. Alinizaba kofi la kisogoni. "Nani alokwambia ubane pumzi?" akapiga kelele. "Wewe wa bara, wataka kupasuka mapafu? Ukiwa na mtungi, pumua! Ukishuka pumua, ukipanda pumua, ukimwona papa pumua!"

Sikilizeni basi, maana hili ndilo ningependa mlishike kuliko mengine. Hewa unayoivuta ukiwa chini imebanwa na maji. Unapopanda, inafutuka. Mdomo ukiwa wazi inatoka yenyewe bila shida. Mdomo ukifungwa, inabaki ndani ya kifua chako na inaendelea kufutuka, na kifua hakina nafasi. Mita mbili tatu zinatosha kukuumiza. Mtu asiyejua kuogelea hafanyi kosa hili haraka. Analifanya yule aliyekulia ziwani, anayejivunia pumzi yake. Mzee Kombo alinitibu kwa kuniamuru niimbe kila ninapopanda. Mtu anayeimba hawezi kubana pumzi. Basi mwaka mzima nilikuwa natoka baharini nikinguruma nyimbo za kanisani za Kisamia, lugha ya kwetu, ndani ya kipumulio, na wageni wakidhani ni desturi ya kazi.

Na ninyi wa Tiira mnaozama kwenye mashimo ya dhahabu yaliyojaa maji kuokoa pampu, mkivuta hewa kwa mpira kutoka kwenye mashine ya kujazia magurudumu, nawaomba muache. Nimewaona. Mmoja wenu alinijibu, "Mzee, sisi naenda chini kidogo tu." Hakuna kidogo. Nilirudi nyumbani siku ile nikashindwa kula.

Saa tatu na dakika thelathini na tano. Hapo alipo sasa atakuwa amewaonyesha wageni bustani ya matumbawe na anageuka kurudi, kama anafuata ramani. Mtungi wa mgeni mwoga huwa umeshashuka chini ya nusu. Nafula anajua kuuliza kwa ishara hewa iliyobaki. Nimemfundisha mwenyewe, tangu akiwa shule, tukikaa pale nje na beseni la maji na miwani yangu ya zamani.

Nicheke kidogo basi, nisije nikaugua. Nilipostaafu nilirudi na vifaa vyangu, na watu wa Majanji wakaniita nitoe injini ya boti iliyoanguka ziwani. Kijiji kizima kilikuja kutazama. Nilijifunga mkanda wangu wa uzani, wenye vipande vya risasi, ule ule wa baharini, nikaingia kwa madaha. Nilisahau jambo dogo: maji ya chumvi humbeba mtu, kwa hiyo baharini unahitaji risasi nyingi za kukushusha. Ziwani hazihitajiki zote hizo. Nilishuka moja kwa moja, nikaingia kwenye tope hadi mapajani, nikasimama humo wima. Nililazimika kuufungua mkanda na kuuacha. Juu nilitoka bila injini, bila mkanda, pezi moja limebaki topeni. Mama mmoja mchuuzi wa samaki akaniuliza, "Wandera, huko kwa Waswahili ulikuwa nasomea kupanda mihogo?"

Mambo yamebadilika pia. Tulipoanza, tulikuwa tunawashika kasa. Nasema wazi. Mgeni alitaka picha ameshika gamba, tulimshikia kasa. Tulikuwa tunamtoa pweza shimoni ili atoe wino watu wafurahi. Mzee Kombo mwenyewe alikuwa bingwa wa hilo, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuacha. Siku moja alitukusanya akasema kasa wamepungua pale na sisi ndio tunaowafukuza, na kuanzia siku hiyo mikono ikakunjwa kifuani. Kasa humsogelei kutoka juu, maana anavuta hewa kama sisi na juu ndiyo njia yake ya kwenda kupumua. Unakaa ubavuni, mbali kidogo, unatulia. Ukimfukuza umemkosa. Ukitulia, kasa aina ya ng'amba anaweza kuendelea kutafuna sifongo mbele yako kana kwamba hupo, na utasikia meno ya samaki yakikwangua mawe pande zote.

Lakini mimi nilipokuwa kazini nilimtazama kasa mara chache. Nilikuwa natazama mapovu. Mapovu ya mtu ndiyo yanakwambia hali yake. Yakitoka makubwa, kwa nafasi, mtu yuko sawa. Yakitoka mfululizo, mtu ameogopa, hata kama anakuonyesha kwa vidole kwamba mambo ni mazuri. Hapo unamwendea, unamshika kifundo cha mkono, unamfanya akutazame machoni, unapandisha na kushusha kiganja chako polepole mpaka pumzi yake ifuate kiganja. Ukishamshika humwachi. Nafula nilimfundisha hilo pia. Nilimfundisha kila kitu isipokuwa kimoja.

Saa nne kamili. Wawe botini sasa. Nimeinuka, nimekwenda hadi mlangoni, nimerudi. Athieno ameacha wimbi, amekaa kwenye kigoda.

Mnaijua ile video. Wengi wenu mnayo kwenye simu, na kila mkija hapa kwangu lazima mmoja aseme, "Mzee, tuwekee ile ya kasa." Mimi ndani ya maji, nina kisu, nakata wavu uliomnasa ng'amba kwenye mwamba. Kasa anapigana, mimi namtuliza, nakata kamba moja, nakata nyingine, mwisho anachomoka na kupanda juu kwenye mwanga, na vijana wawili wanapiga makofi chini ya maji. Video ile ilizunguka sana. Nilipewa cheti, kiko ukutani pale mbele yangu. Nafula alikuwa na miaka kumi na mbili alipoiona mara ya kwanza. Aliitazama mpaka akaweza kusema ni sekunde gani kamba ya mwisho inakatika. Akasema atafanya kazi ya Baba. Nilisikia nikiwa bado pwani, nikafurahi, nikamtumia miwani ya maji.

Sasa nitawaambia kisichoonekana mle.

Asubuhi ile nilikuwa na wageni wanne. Watatu walikuwa marafiki kutoka Nairobi, vijana, wepesi majini, wana kamera. Wa nne alikuwa Mwalimu Wanjiru, mwalimu wa hesabu kutoka Nakuru, mama wa miaka hamsini na kitu mwenye goti bovu. Alijifunza kuzamia ukubwani kwa sababu moja tu: alitaka kumwona kasa akiwa kwake baharini, si kwenye televisheni. Botini aliniuliza maswali mengi kuliko wale watatu wakiwekwa pamoja. Dakika ya mwisho, miguu imeshavikwa mapezi, alinishika mkono. "Wandera, mimi ni mwoga," alisema. "Usiniache huko chini, tafadhali."

"Mwalimu, hata mimi ni mwoga," nikamjibu. "Tutakaa pamoja."

Tulishuka mita kumi na nne. Nilikaa naye bega kwa bega, mapovu yake yalikuwa mazuri, alikuwa anafurahia. Kama dakika ya ishirini hivi tukamwona ng'amba amenaswa kwenye kipande cha jarife, wavu mkubwa wa wavuvi, kilichokatika na kuzunguka jiwe. Pezi la mbele lilikuwa limefungwa kabisa. Alikuwa amechoka. Kasa akishindwa kupanda kupumua anakufa maji kama mtu.

Kuna sheria. Unakumbuka mahali, unapanda na wageni wako, unawaacha botini, unarudi na mwenzako, ninyi wawili tu mkiwa na visu, bila mgeni. Sheria hiyo nilikuwa naifundisha wengine. Lakini mimi ni mtoto wa Majanji. Nimefungua nyavu kabla sijajua kusoma, na niliona mafundo yale nikajua ni kazi ndogo. Nikawaonyesha wote wanne viganja, maana yake kaeni hapo hapo. Nikachomoa kisu, nikaenda.

Naapa nilidhani ni dakika moja. Video inaonyesha dakika nne na nusu.

Wale watatu walinifuata na kamera. Mwalimu alikaa pale nilipomwambia akae, maana alikuwa mtu wa kutii maelekezo. Mkondo ulikuwa unavuta kidogo. Sisi tulitifua mchanga, maji yakachafuka, na aliponitafuta hakuona mtu. Miwani yake ilikuwa imeanza kuingiza maji. Mkiitazama tena ile video, wakati kamba ya mwisho inakatika, angalieni kona ya juu kushoto. Kuna mapovu mengi yanapanda ovyo ovyo. Kila mtu anadhani ni ya kasa. Ni ya Mwalimu Wanjiru. Halafu yanakatika ghafla, kwa sababu hapo ndipo alipofunga mdomo akakimbilia juu.

Niligeuka nikiwa najisikia mtu mkubwa. Nikahesabu watu watatu. Nikahesabu tena. Nikazunguka jiwe lile, nikagonga mtungi wangu kwa kisu, kengele ya kumwita mtu, nikasikiliza. Hakuna. Na bado nilitakiwa kuwapandisha wale watatu polepole, mita moja moja, maana haraka ingewaumiza nao. Sijawahi kuona dakika ndefu kama zile. Walikuwa wananionyesha vidole kwamba mambo ni mazuri, na mimi nawarudishia kwamba ndiyo, ni mazuri.

Juu, boti ilikuwa imeshamvuta. Alikuwa amelala sakafuni, midomo ya bluu, povu la rangi ya waridi linamtoka, na nahodha anamshikilia kinyago cha hewa safi usoni. Nahodha alinitazama akauliza maneno mawili tu: "Ulikuwa wapi?"

Hakufa. Nataka mjue hivyo haraka. Alilazwa siku nyingi, na mapafu hayakurudi kuwa yale ya zamani. Mwaka uliofuata aliacha kufundisha, maana hawezi tena kusema kwa sauti kipindi kizima. Nilimtembelea hospitalini. Nilitaka kumwambia kwamba alikosea kubana pumzi, yaani nilikuwa nimejiandaa kabisa kumwambia hivyo, Mungu anisamehe. Akanitangulia.

"Najua sikutakiwa kubana pumzi," alisema. "Niligeuka, hukuwepo."

Kisha akauliza kama kasa alipona. Nikamwambia alipona. Akasema vizuri, akageukia ukutani.

Niliandika ripoti ya kweli kazini. Mzee Kombo aliisoma, akanirudisha kuosha vifaa nusu mwaka, na sikulalamika. Lakini wale vijana walikuwa wameshaituma video, na hapa nyumbani ilifika kabla yangu. Nilishuka kwenye basi Busia nikapokewa kwa vigelegele. Nafula alikuwa mbele ya watu, amevaa ile miwani ya maji. Mngekuwa ninyi mngesema nini? Mimi nilinyamaza. Nikasema nitamwambia akikua kidogo. Alipokua nikasema akianza mafunzo. Alipoanza mafunzo niliogopa. Athieno alijua tangu mwanzo, na kila mara alikuwa ananiambia, "Wewe namficha mtoto." Tulipomsindikiza stendi, nilifungua mdomo mara mbili. Nikaishia kumkumbusha asisahau chaja.

Sasa mnaelewa kwa nini natazama simu hivi. Kasa wanaonaswa si wachache, hasa siku hizi za kamba za nailoni. Na binti yangu ameshuka na wageni wanne akiwa na hiyo video kichwani, kila sekunde yake.

Saa tano kasorobo imefika. Simu haijalia.

Saa tano. Nimeangalia kama kuna mtandao. Upo. Nimeangalia kama sauti imefunguliwa. Imefunguliwa. Athieno amevuta kigoda chake hadi karibu na meza, anachambua wimbi ambao umeshakuwa safi.

Saa tano na dakika kumi na tano. Nimeshika simu nimpigie, Athieno amenishika mkono. "Acha," amesema. "Mtoto alisema atapiga." Mkono wake umelowa jasho kuliko wangu.

Haya yanayofuata nayaandika baada ya mazungumzo. Simu ililia saa tano na dakika ishirini na mbili. Niliiangusha, nikaiokota.

"Baba."

"Wametoka? Wote wametoka?"

"Wametoka. Wote wanne, wanakunywa chai." Kisha akaanza kulia.

"Nafula, kuna nini? Umeumia?"

"Sijaumia. Baba, kulikuwa na kasa." Alivuta kamasi. "Amefungwa na nailoni, shingoni na kwenye pezi, kwenye jiwe. Nilikuwa na kisu. Ilikuwa kamba mbili tatu, nilikuwa naona kabisa pa kukata. Wageni wananiangalia, wananionyesha, kata, kata. Lakini kuna baba mmoja mapovu yake yalikuwa mabaya. Nilikuwa nimeshamshika mkono. Nikasema nikimwachia huyu... Sikwenda. Niliwapandisha. Wamekasirika, mmoja amesema mimi sina roho. Bosi ametuma wazamiaji wawili na visu, hawajarudi, sijui kama watamkuta hai. Nimemwacha, Baba. Nimekaa chooni nusu saa nashindwa kukupigia. Wewe usingemwacha."

Athieno alikuwa ameweka sikio karibu na simu. Alinitazama. "Mwambie," alisema.

Nilitamani mtandao ukatike. Haukukatika.

"Nafula," nikasema, "ile video, siku ile nilikuwa na mgeni wa nne. Anaitwa Mwalimu Wanjiru. Aliniomba nisimwache, nikamwacha."

Nilimweleza yote kama nilivyowaeleza ninyi. Mapovu ya kona ya juu, povu la waridi, nahodha, ukuta wa hospitali. Nilikuwa nasikia mitungi ikigongana huko kwao, mtu akicheka mbali, upepo. Nilipomaliza nilidhani simu imekatika, nikaita jina lake.

"Nipo," akasema. "Miaka yote hii?"

"Miaka yote hii. Niliona aibu."

"Leo nimelia mbele ya wageni, Baba. Nimejipima na mtu ambaye hayupo."

Nilimwambia kwamba leo amefanya kazi hii vizuri kuliko mimi. Akaniomba namba ya Mwalimu Wanjiru, akasema atampigia yeye mwenyewe, na mimi, ambaye nimeitunza miaka yote hii bila kuipiga hata siku moja, nikamsomea tarakimu moja moja.